Kwa nini Mfereji wa Erie ulihama katikati ya Rochester, na daraja lake likabaki

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naishi Rochester, jimbo la New York, na wanangu wawili; tulitokea Uvira tukapitia kambi ya Nyarugusu. Kila asubuhi basi langu linavuka daraja la Broad Street. Kijana wangu ameambiwa shuleni kwamba chini ya barabara ile kuna daraja jingine, na kwamba zamani mashua zilikuwa zinapita juu ya mto, halafu ikapita treni. Nimeshindwa kumwelewesha, maana Mfereji wa Erie ninaoujua mimi uko kusini kwenye bustani ya Genesee Valley, na pale unakutana na mto bila daraja lolote. Kazini wengine wanasema mfereji wa mjini uliuawa na treni, wengine wanasema daraja lilijengwa na watumwa. Ukweli ni upi? Na ni kweli wanataka kurudisha maji?

JIBU: Marahaba, mama. Kijana wako ameambiwa kweli. Daraja unalovuka kila asubuhi lina ghorofa mbili. La chini ni la mawe, lilikamilika mwaka 1842, na kazi yake ilikuwa kubeba maji ya mfereji kuyavusha juu ya mto Genesee. La juu ni la zege, liliongezwa miaka ya 1920 ili magari yapite. Katikati yake, mle mlimokuwa na maji, ndimo treni ya chini ya ardhi ilimopita kuanzia 1927 hadi 1956. Na mfereji unaouona bustanini ni Erie yuleyule, ila ni njia yake mpya, iliyofunguliwa mwaka 1918 ili kuukwepa mji.

Kwa hiyo la treni nilisahihishe mapema: treni ya chini ya ardhi haikuufukuza mfereji. Ilikuta mtaro mkavu ikaingia. Aliyeuhamisha mfereji ni jimbo la New York lenyewe, na sababu kubwa ni kwamba mji wa Rochester, ambao ni mtoto wa mfereji huo, ulikuwa umeuzunguka pande zote hata hapakubaki nafasi ya kuupanua. Hilo ndilo ningependa kijana alishike, kwa sababu watu wengi husimulia habari za mfereji wa mjini kana kwamba ulikufa kwa kushindwa.

Tuanze na swali linalomsumbua kila mtoto: kwa nini maji yapite juu ya maji?

Mto Genesee unatoka kusini kwenda kaskazini, unaingia Ziwa Ontario. Mfereji wa Erie ulitakiwa kwenda mashariki na magharibi, kutoka Albany hadi Buffalo, urefu wa kilomita 584. Hawakuwa na namna ya kuukwepa mto huo, lazima wauvuke. Sasa tazama mto wenyewe ulivyo. Kusini ya mji umetulia, unateleza polepole. Ukifika katikati ya mji unaanza kushuka kwenye miamba, na mbele kidogo unaanguka kwenye maporomoko ya High Falls, karibu mita 29 kwa mara moja. Mfereji hauwezi kushuka na kupanda ovyo namna hiyo. Maji yake lazima yalale sawa, na kila panapohitajika kushuka au kupanda hujengwa lango la maji: chumba cha mawe chenye milango mbele na nyuma, mashua inaingia, maji yanajazwa au kupunguzwa, mashua inatoka ikiwa juu zaidi au chini zaidi. Kila lango ni gharama, na kila lango ni foleni. Wahandisi walifanikiwa kupata kipande cha karibu kilomita 100, kutoka Lockport hadi Rochester, kisichokuwa na lango hata moja. Kuushusha mfereji hadi usawa wa mto pale mjini, kisha kuupandisha ng'ambo, kungeharibu kazi yote hiyo. Wakaamua kuuvusha juu juu, kwenye daraja.

Utauliza kwa nini hawakwenda kuvukia kusini, kwenye maji yaliyotulia, kama ilivyo leo. Jibu ni nyumbu. Mashua za wakati ule hazikuwa na injini. Zilivutwa kwa kamba na nyumbu au farasi waliotembea kwenye njia ya kando ya mfereji, na aghalabu mvulana mdogo ndiye aliyewaswaga. Katikati ya mto mpana hakuna pa nyumbu kukanyaga. Tena mto una tabia yake: masika ya huko, theluji ikiyeyuka, Genesee unajaa na kubeba magogo na mapande ya barafu, na mashua inayovutwa kwa kamba haina uwezo wa kupigana na mkondo wa namna hiyo. Haya si ya kubuni. Mashariki zaidi, kwenye kijito cha Schoharie, walijaribu kuvuka kwa usawa wa maji, wakazuia kijito kwa ukuta na kuvusha mashua kwa kamba. Pakawa ni mahali pa hatari na pa kucheleweshana, na miaka ya 1840 wakaishia kujenga daraja la mfereji hapo pia.

Kazi ya mfereji ilianza tarehe 4 Julai 1817 mjini Rome, mbali kidogo mashariki ya Rochester, chini ya gavana DeWitt Clinton aliyeupigania miaka mingi. Mtaro wa kwanza ulikuwa na upana wa mita 12 tu juu na kina cha mita 1.2, yaani mtu mzima angeweza kusimama ndani kichwa kikiwa nje. Daraja la kwanza la Rochester lilijengwa kati ya 1821 na 1823. Lilikuwa na matao 11, urefu wake karibu mita 244, na liligharimu takriban dola 83,000.

Hapa ndipo penye swali lako la watumwa, na nataka nikujibu kwa uangalifu. Utumwa katika jimbo la New York ulikoma kisheria tarehe 4 Julai 1827, kwa hiyo daraja la kwanza lilijengwa wakati utumwa bado upo jimboni. Lakini watu walioandikwa kwenye habari za ujenzi ule ni wafungwa, walioletwa na mkandarasi wa kwanza kutoka gereza la Auburn. Walifanya kazi mtoni, kwenye baridi, bila hiari. Nadhani hiyo ndiyo mbegu ya maneno mnayoyasikia kazini. Lakini daraja lile halipo tena. Hili unalopita wewe ni la pili, na lilianza kujengwa mwaka 1836, miaka tisa baada ya utumwa kukoma New York.

Kwa nini la pili? Kwa sababu la kwanza lilikuwa na kasoro mbili ambazo zilionekana mapema sana. Mawe yake yalikuwa mekundu ya mchanga, laini. Maji yakipenya ndani ya jiwe la namna hiyo kisha yakaganda wakati wa baridi, yanatanuka na kulipasua. Msimu baada ya msimu, daraja likawa linavuja. Kasoro ya pili ni upana. Mfereji wenyewe ulikuwa mita 12, lakini juu ya daraja ulibanwa ukawa mita 5.2, kama shingo ya kibuyu. Mashua za siku zile zilikuwa na upana wa hadi mita 4.3 hivi. Piga hesabu: zinabaki sentimita 45 kila upande. Mashua mbili haziwezi kupishana, moja lazima ingoje ng'ambo hadi nyingine imalize kuvuka. Na manahodha wa mfereji hawakuwa watu wa kungoja. Kugombania nani atangulie, hadi kupigana ngumi, kulikuwa jambo la kawaida pale darajani.

Foleni hizo zilitokana na baraka. Kabla ya mfereji, kusafirisha tani moja ya mzigo kutoka Buffalo hadi mji wa New York kuligharimu karibu dola 100. Baada ya mfereji kufunguliwa wote mwaka 1825, gharama ilishuka hadi kiasi cha dola 10. Bonde la Genesee lilikuwa linalima ngano, na maporomoko ya mjini yalikuwa na nguvu ya bure ya kuzungusha vinu. Kilichokosekana ni njia ya kupeleka unga sokoni, na sasa njia inapita mlangoni. Mwaka 1820 Rochester ilikuwa na watu wapatao 1,500. Mwaka 1830 walishapita 9,000. Mwaka 1840 walikuwa zaidi ya 20,000, na mji ukawa unasifika nchi nzima kwa unga wa ngano.

Na angalia watu hao walijenga wapi. Kila mwenye kinu, ghala, duka la kamba, karakana ya kuunda mashua au nyumba ya wageni alitaka awe ukingoni mwa maji, aweze kushusha mapipa moja kwa moja kutoka mlangoni hadi kwenye mashua. Matokeo yake mfereji uliochimbwa kwenye mashamba na vichaka, ndani ya miaka michache ukawa unapita kati ya kuta za majengo. Serikali ya jimbo ilipoamua miaka ya 1830 kuupanua mfereji wote, iwe mita 21 kwa upana na mita 2.1 kwa kina, nje ya miji ilikuwa ni suala la majembe na mikokoteni. Mjini lilikuwa suala la kuta za watu.

Daraja la pili lilikuwa kipande cha upanuzi huo. Mhandisi wake alikuwa Nathan Roberts. Safari hii hawakutaka tena mawe mekundu. Walileta mawe ya chokaa ya kijivu, magumu, kutoka upande wa Onondaga. Walilijenga pembeni kidogo mwa lile la zamani, kusini yake, wakapunguza na kona kali iliyokuwa inazisumbua mashua. Matao yalipungua kutoka 11 hadi saba, makubwa zaidi, ili mto upate nafasi ya kupita wakati wa mafuriko. Njia ya maji juu yake ikawa mita 13.7. Mashua mbili za kizazi kipya, kila moja mita 5.3, zilipishana bila kugusana. Gharama ilifika karibu dola 445,000, zaidi ya mara tano ya daraja la kwanza. Mimi naliona kuwa mojawapo ya kazi bora kabisa za mawe katika Marekani ya karne ile, na ushahidi wake ni kwamba bado limebeba: kwanza maji, kisha treni, na mpaka leo barabara ambayo hakuna aliyeiota wakati linajengwa.

Miaka iliyofuata mfereji uliendelea kufanya kazi, lakini mambo mawili yalikuwa yanakua taratibu. La kwanza ni reli. Treni ya kwanza kutoka Rochester ilikwenda Batavia mwaka 1837, na kufikia 1853 reli ndogo ndogo za jimbo ziliunganishwa zikawa New York Central, njia moja sambamba na mfereji. Treni haigandi. Mfereji ulifungwa kila mwaka kuanzia Desemba hadi Aprili, maji yakaondolewa, ukabaki mtaro wa tope na takataka katikati ya mji. Abiria walihama haraka. Mizigo mizito kama nafaka, mbao na makaa ilichelewa kuhama, na mwaka 1882 jimbo likafuta ushuru wote wa mfereji ili kuisaidia mashua ishindane.

La pili ni mji wenyewe. Mtaa mkubwa ukikatwa na mfereji unahitaji daraja, na daraja lililo chini sana linazuia mashua, lililo juu sana linawachosha farasi wa mikokoteni. Rochester iliweka madaraja ya kunyanyuliwa. Basi ikawa kila mashua ikipita, barabara inasimama. Kila mikokoteni ikipita, mashua inasimama. Watu ambao babu zao waliushangilia mfereji sasa walikuwa wanaulalamikia: unanuka kiangazi, unazamisha watoto, unachelewesha tramu, yaani magari ya reli ya mitaani. Ninapowasoma wafanyabiashara wa mwisho wa karne ya 19, naona hawakuwa na chuki na mfereji. Walikuwa na haraka, na ardhi ya katikati ya mji ilikuwa imepanda thamani kuliko maji yaliyoipandisha.

Mwaka 1899 gavana Theodore Roosevelt aliunda kamati, ikiongozwa na Jenerali Francis Greene, iangalie mfereji ufanywe nini. Kamati ilisema usiachwe kufa, ila ufanywe mkubwa kweli kweli. Novemba 1903 wananchi wa jimbo walipiga kura wakakubali kutumia dola milioni 101. Lengo lilikuwa matishari, yaani mashua pana za mizigo, ya tani 1,000, wakati mashua kubwa za mfereji uliopanuliwa zilikuwa za tani 240. Kina cha chini kabisa kikawa mita 3.7, na malango ya maji yakawa marefu kama mita 100. Jaribu kuvipitisha vipimo hivyo juu ya Broad Street: ungelazimika kubomoa kila jengo pande zote mbili, na kujenga daraja la tatu la kubeba maji mazito mara nyingi kuliko lile la mawe. Hakuna aliyefikiria hilo kwa dakika nyingi.

Lakini kilichowezesha kuhama si ukubwa tu. Ni kwamba nyumbu alikuwa ameondoka kwenye hesabu. Tishari la karne ya 20 linasukumwa au kukokotwa na boti yenye injini, halihitaji njia ya kando. Na wahandisi walikuwa wamejifunza kujenga kuta za mto zenye milango ya chuma inayonyanyuliwa mafuriko yakija. Kwa hiyo mto ambao mwaka 1821 ulikuwa adui, mwaka 1905 ukawa barabara ya bure. Sehemu kubwa ya mfereji mpya mashariki ya jimbo iliwekwa ndani ya mito yenyewe. Kwa Rochester, walikwenda kusini ambako Genesee umetulia, wakauinua mto kidogo kwa ukuta uliojengwa mbele, upande maji yanakoelekea, ili usawa wa mto na usawa wa mfereji uwe mmoja. Hapo ndipo unapopaona bustanini: mfereji unaingia upande mmoja, unatoka upande wa pili, na mto unapita katikati bila daraja. Kwenye kila ukingo kuna lango la tahadhari linaloweza kufungwa mto ukijaa.

Ukuta unaoushikilia mto ule hauko mbali na basi lako. Siku moja shuka, simama na kijana kwenye daraja la Court Street, hatua chache kusini ya Broad Street. Mtazame kusini: maji yamelala, mapana, yametulia kama ziwa. Kisha geukeni kaskazini: maji yaleyale yanakimbia juu ya miamba kuelekea chini ya matao saba ya mawe. Kati ya pande hizo mbili kuna tofauti ya kimo iliyowalazimisha watu wa 1821 wajenge daraja, na ukuta uliowawezesha watu wa 1918 waliache. Sijui mahali pengine ambapo historia ya mfereji mzima inaonekana kwa kugeuza shingo.

Njia mpya haikuwa ya bure. Magharibi ya mji walipasua mwamba kwa baruti, kilomita kadhaa. Bustani ya Genesee Valley, iliyochorwa na Frederick Law Olmsted, yule mchoraji wa Central Park ya New York, ilikatwa vipande, ndiyo maana imewekwa madaraja ya zege ya kuwavusha watembea kwa miguu juu ya mfereji. Wapo wanaoyaona madaraja yale mazuri. Mimi nayaona mazuri pia, lakini bustani ilipoteza kitu ambacho hakikurudi, na watu wa wakati ule walilalamika kwa haki.

Mfereji mpya ulifunguliwa Mei 1918. Mji wa Rochester ukapewa mtaro mtupu unaokatiza katikati yake kutoka ukingo hadi ukingo. Miji mingine ilikuwa na mtihani huohuo. Syracuse, ambayo pia ilikwepwa, iliujaza mtaro wake udongo na kuugeuza kuwa barabara, Erie Boulevard. Kilichobaki kwa macho ni jengo la kupimia uzito wa mashua la mwaka 1850, ambalo sasa ni makumbusho ya mfereji. Rochester ilikuwa na shauku kubwa zaidi. Ikaamua kuweka reli ndani ya mtaro, kuufunika sehemu ya katikati ya mji kwa dari la zege, na juu ya dari kupitisha barabara mpya, ndiyo Broad Street yako. Treni ilianza tarehe 1 Desemba 1927. Sababu haikuwa abiria peke yao: kampuni za reli zilizofika mjini zilihitaji njia ya kubadilishana mabehewa ya mizigo, na tramu za kutoka vijijini zilikuwa zinaziba mitaa.

Kama mtu anayesoma miundombinu, naona treni ile ilibeba mzigo usio wake. Ilifuata njia ya mashua. Njia ya mashua ilichaguliwa mwaka 1820 kwa kufuata usawa wa ardhi na mahali pa vinu, wala si kwa kufuata makazi ya watu wa 1930. Vituo vilikuwa ndani ya shimo, nyuma ya viwanda, wakati watu walikuwa wanahamia mitaa ya pembeni na kununua magari. Tarehe 30 Juni 1956 abiria wa mwisho walishuka. Upande wa mashariki, mtaro ukawa barabara kuu ya I-490. Anayeipita kutoka katikati ya mji kuelekea Pittsford, mji mdogo wa jirani, kwa sehemu ya njia yupo kwenye kitanda cha mfereji wa zamani. Chini ya mji mabehewa machache ya mizigo yaliendelea kupita, yakipeleka karatasi kwa kiwanda cha magazeti, hadi miaka ya 1990. Baadaye kipande cha magharibi cha handaki kilijazwa kifusi, kwa kuwa dari lilikuwa linachoka na kulitengeneza ni ghali.

Sasa swali lako la mwisho, la maji. Mawazo ya kurudisha maji juu ya daraja yamekuwapo miaka mingi na yamefanyiwa michoro. Mwaka 2018 jimbo lilitangaza mpango mkubwa wa kuendeleza kingo za mto mjini, uitwao ROC the Riverway, na daraja hili limo ndani yake. Pendekezo lililopata nguvu ni kuondoa ghorofa la zege, kuacha daraja la mawe la 1842 wazi, na kuligeuza mahali pa watu kutembea na kukaa. Siyo kurudisha mfereji. Mashua haitaweza kupita, maana pande zote mbili za daraja mtaro haupo tena. Mimi naunga mkono kuondoa dari, na sioni haja ya kujaza maji ya mapambo. Mawe yale yakipata jua yanatosha kujieleza. Wanaopinga wanasema barabara itapotea na magari yatabanana, na hoja hiyo si ya kubeza. Wewe unayepita pale kwa basi kila asubuhi una haki ya kwenda kwenye mikutano ya mji ukasema neno lako.

Kabla hawajagusa kitu, mpeleke kijana aone. Ndani ya daraja usiingie kabla ya kuuliza ofisi za mji, kwa sababu hali ya mahali hubadilika. Lakini kutoka nje, ukiwa ukingoni, utaona wazi mstari ambapo mawe ya kijivu yanaishia na zege linaanza: chini mawe makubwa yaliyochongwa kwa mkono, juu matao mepesi ya zege yenye alama za mbao zilizotumika kulimwagia. Maktaba ya Rundel, kwenye ukingo wa mashariki, ilifunguliwa mwaka 1936 juu ya njia ya treni na juu ya mfereji mdogo wa zamani wa vinu. Chini ya ukuta wake wa upande wa mto maji bado yanatoka kwenye matundu. Ndani, waulize wahudumu picha za zamani za mfereji. Wanazo nyingi, na mtoto akiona mashua imepaki pale anapojua duka la simu, hahitaji maelezo yangu.

Ukipata gari, huko Pittsford, nyuma ya maduka ya Monroe Avenue, kuna lango la maji la zamani, namba 62, la mfereji uliopanuliwa, limesimama kavu kati ya miti. Kisha nenda Clover Street ukaone lango namba 32 la mfereji wa sasa, linalofanya kazi. Peleka watoto kati ya Mei na Oktoba, mfereji ukiwa wazi, mngoje mashua ije. Lango la sasa linashusha mashua karibu mita 7.6 kwa mara moja. Mwambie kijana apime kwa macho lile la 62 kwanza, halafu alinganishe.